Mtalii wa Kiti cha Nyuma

Melbourne, 9 Juni 1957

Etus wangu,

Nimefika. Meli imetuteremsha Wahungari tele, kila mmoja amevaa koti la msaada lisilomwenea. Langu lilikuwa la mtu mnene ambaye nadhani amekufa, maana mfukoni nimekuta miwani yake. Hapa Juni ni mwezi wa baridi. Hata majira yameamua kunigeuzia mgongo.

Nimepata kazi katika jiko la hoteli moja karibu na stesheni. Wanachemsha. Nyama wanachemsha, karoti wanachemsha, kabichi wanachemsha mpaka inasahau jina lake. Nilimwambia mpishi mkuu kwamba kwetu Budapest watu walikuwa wakivuka daraja kuja kunywa supu yangu ya samaki. Alinitazama, akanisukumia gunia la viazi nikamenye.

Mama yako hajambo? Nyonga imeunga? Usidhani nakulaumu kwa kubaki naye. Ningekuwa na mama mgonjwa kitandani nami nisingekimbia, risasi za Warusi au si risasi. Lakini nilipovuka mpaka niliendelea kugeuka nyuma kama mtu asiyekumbuka kama alifunga mlango. Nilikuahidi kwamba nitakuita tuoane huku, na ahadi hiyo bado ina pumzi.

Nina ombi moja. Mji umeanza kunitoka. Jana nilijaribu kukumbuka duka lililo baada ya kinyozi kwenye mtaa wetu wa Tompa, nikashindwa, nikaogopa kama mtu anayesahau sura ya ndugu yake. Kila Jumapili toka nje kwa ajili yangu. Tembea, ule kitu, kisha niandikie. Usiniambie kwamba kanisa ni zuri, hilo hata kitabu kitaniambia. Niambie kama yule mama wa magazeti pale kwenye Daraja la Minyororo bado anawagombeza wateja wake.

Wako,
Kálmán


Budapest, 4 Agosti 1957

Kálmán,

Anawagombeza. Amenigombeza na mimi. Nilisimama muda mrefu nikitazama mto, akaniuliza kama nimelipia hiyo nafasi. Nikamwambia natazama kwa niaba ya mtu aliye mbali. Akasema, "Basi mwambie maji ni yaleyale, na magazeti ni yaleyale pia." Sijui alikuwa na maana gani, na ni afadhali tusijue.

Baada ya kinyozi ni mshona viatu, ewe msahaulifu. Kinyozi ameweka kioo kipya, cha zamani kilivunjwa na yale mambo ya mwaka jana. Nilipanda mpaka kilima cha Kasri. Kuna vifusi bado, na majani yameota juu yake, na paka wamepata makao mazuri kuliko sisi. Kutoka pale juu nilikula cheri nikitema kokwa kuelekea upande wa Pest, ng'ambo ya mto. Nisamehe, nilikuwa peke yangu.

Kisha nilikwenda kwenye mkahawa wa Mzee Rezső, kwenye jiko lako la zamani. Mpishi mpya ni kijana wa watu, mpole, lakini supu yake ina maji mengi na huruma nyingi. Mzee Rezső alikaa mezani kwangu akaniuliza habari zako kwa sauti ya chini. Bakuli lako hajampa mtu.

Mama anasema mpishi wangu alimwibia kijiko chake cha mbao akakimbia nacho. Nilimwambia ulikimbia na nguo za mwilini tu. Akasema mwizi hakosi wakili. Anaanza kutembea kwa fimbo, polepole.

Maombi yangu ya pasipoti yanaendelea vizuri. Subiri tu.

Etus wako


Melbourne, 16 Februari 1958

Etus,

Barua yako nimeisomea bweni zima la Wahungari ninaolala nao. Sikutaka, ila jamaa mmoja wa Szeged alinikuta natabasamu, akasema mtu hawezi kula peke yake mbele ya wenye njaa. Nikaisoma. Nilipofika kwenye cheri, mtu mzima aliyepigana na vifaru alitoka nje kwenda kuvuta sigara, na mtu huyo havuti sigara.

Sasa wananisumbua: ya pili inakuja lini? Wanataka soko kuu, wanataka kisiwa cha Margit, mmoja anataka ukamtazamie dirisha la dada yake.

Mimi na yule wa Szeged tumekodi kijumba chenye jiko. Tunapikia Wahungari, na Waaustralia wameanza kuchungulia mlangoni. Pilipili nyekundu naipata kwa Mgiriki mmoja, si kama yetu, lakini inajitahidi. Kuna chumba kidogo juu ya jiko. Nimekipaka rangi ya njano kwa sababu uliwahi kusema chumba chenye rangi ya njano hakihitaji taa.

Mbona pasipoti inachukua muda hivi? Niambie ukweli, Etus.

Kálmán


Budapest, 12 Oktoba 1958

Kálmán mpenzi,

Waambie wa bweni kwamba dirisha la dada lina maua na mapazia safi. Sikumwona mwenyewe, lakini mapazia safi ni salamu.

Sikia habari yangu. Nimepata kazi! Wageni wameanza kuja tena, Waaustria zaidi, na ofisi moja ya utalii ilitafuta watu wanaojua Kijerumani. Kumbe kile Kijerumani cha bibi yangu, alichokuwa akinitukania nikichafua nguo, kina faida. Walinipeleka kilimani na wakubwa wawili, wakaniambia, "Haya, tufanye sisi ni wageni. Tuongoze." Kisha nikafikiri, acha nimwandikie Kálmán. Nikaanza kuwaeleza kama ninavyokueleza wewe, pamoja na paka na yule mama wa magazeti. Mmoja alicheka mpaka akavua kofia.

Kwa hiyo sasa naenda na basi. Asubuhi tunapanda Kasri, mchana Uwanja wa Mashujaa, jioni chakula kwa Mzee Rezső, na mpiga fidla anazunguka meza akiwatoa machozi watu wasiojua neno moja la wimbo. Wageni wanapenda zile chapati nyembamba zenye jemu ya aprikoti. Wakimaliza wananishika mkono na kuniambia nina bahati kuishi hapa.

Kila tukirudi garini ninawahesabu ili asipotee mtu. Wakitimia, bado macho yangu yanatafuta mmoja zaidi.

Pasipoti bado. Usiniulize, ikija nitakwambia.

Etus wako


Budapest, 2 Machi 1959

Bwana Vadas Kálmán,

Nimefikiri kwa makini kuhusu maisha yangu. Nina kazi nzuri na mama wa kutunza, na makazi yangu ni hapa. Uliamua kuondoka nchini kwa hiari yako. Si haki kwangu kuendelea kufungwa na ahadi ya mtu aliyeondoka.

Naomba usiniandikie tena. Nakutakia afya njema.

Somlai Etelka


Melbourne, 30 Machi 1959

Etus,

Nimeipokea. Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, ilikuwa ileile.

Sitakuuliza ni nani. Mwanamke hawezi kusubiri mtu asiye na tarehe ya kurudi. Mtunze mama. Mwambie kijiko sikuchukua.

Hutapata barua nyingine kutoka kwangu. Ukinihitaji kwa lolote, anwani ni hii hii.

Kálmán


Vienna, 21 Mei 1967

Kwa mwongoza watalii, Bi. Somlai Etelka

Mheshimiwa,

Nilikuwa katika kundi lililokuja kwa boti kutoka Vienna wiki iliyopita, tukakaa Budapest siku mbili. Nadhani hukunitambua. Nilikaa kiti cha nyuma, nina mvi na nimenenepa, ndio matunda ya kazi yangu. Nilikuwa nimejiapiza kutokuandikia, lakini mtalii aliyeridhika anaruhusiwa kumshukuru aliyemwongoza.

Unafanya kazi yako vizuri sana. Nimeona watu wakisahau kupiga picha kwa sababu wanakusikiliza. Sauti yako imeshuka kidogo. Unapanda ngazi za Kasri bila kuhema, sisi tulikuwa tukikufuata kama kondoo waliolishwa kupita kiasi.

Nilipata msamaha wa serikali miaka kadhaa iliyopita, na pasipoti ya Australia. Muda wote nilikuwa najiambia sitarudi, narudi kufanya nini? Mwaka huu yule mwenzangu wa Szeged alifariki. Siku za mwisho aliongea habari za mji wake tu, barabara baada ya barabara, mimi nikimshika mkono. Tulipomzika, nilikwenda moja kwa moja kukata tiketi.

Nilikuwa nimepanga kuja kugonga mlango wako jioni ile ya kwanza. Nilitaka kukuona tu, na kumsalimu mama.

Kisha nikamwona bwana yule. Mvua ilipoanza alikufunulia mwavuli kabla hujanyoosha mkono. Mezani alikaa ubavuni mwako, akakujazia glasi, na ulipotaka kuinuka akakugusa kiwiko ukakaa. Ni mtu nadhifu. Nilifurahi kwamba hauko peke yako. Najaribu kuandika sentensi hiyo iwe kweli.

Nilikuuliza supu ni ya samaki gani, kwa Kijerumani changu kibovu. Ukanijibu, "Ni wa mtoni, bwana. Tunaipika hivi siku zote." Bwana! Supu ilikuwa nzuri. Sikuimaliza.

Jambo moja tu limeniuma, nalisema kisha ninyamaze. Basi lilikata kona likaingia mtaa wa Tompa, likasimama mbele ya nyumba yetu. Ukawaambia wageni kwamba hapo aliishi mpishi aliyepikia mtaa mzima uani wakati wa risasi, na kwamba majirani wanamkumbuka hadi leo. Wakapiga picha bomba la maji. Mama mmoja mnene kutoka Linz akasema, "Inapendeza." Etelka, kila kitu ni chako na una haki nacho. Lakini sikujua kwamba na sisi tumekuwa kituo, baada ya Uwanja wa Mashujaa na kabla ya chakula cha jioni.

Meli yangu inaondoka Genoa mwishoni mwa Juni. Msalimie mumeo.

Vadas Kálmán


Budapest, 3 Juni 1967

Kálmán, mjinga wangu,

Barua hii haiji kwa posta. Anayekuletea ni Bi Leopoldine, mwalimu mstaafu wa Vienna aliyekuja na kundi la juzi. Mpe kahawa nzuri, barua hii ameificha ndani ya soksi.

Yule si mume wangu. Sina mume, sijapata kuwa naye. Yule ni Hajdu, na kazi yake ni kusikiliza. Asubuhi uliyofika, mkubwa wangu aliniita akaniambia katika kundi kuna mtu aliyewahi kuikimbia nchi, na Hajdu atafuatana nasi. Akaniuliza kama nakufahamu. Nikamwambia nilikufahamu kama kila mtu anavyomfahamu mpishi wa mtaa. Akasema, "Vizuri. Basi hutakuwa na la kumwambia."

Nilikuona tangu unatoka kwenye boti. Ulivuta shingo ndani ya kola kama bata anayeona mvua, ukatazama kilima, ukafuta uso kwa kofia. Nilikuwa nimeshika kile kibendera chetu cha kuongozea watu, nikakishika kwa mikono miwili. Unasema umenenepa. Ndiyo, umenenepa. Nilikutambua kwa kila kilo.

Ule mwavuli ulikuwa wa kunisogelea asikose neno. Aliponigusa kiwiko, nilikuwa nimeinuka nije kwako. Sijui ningesema nini mbele za watu. Yeye alijua, ndiyo maana alinirudisha kitini.

Sasa mtaa wa Tompa. Kálmán, basi halipiti Tompa. Halijapata kupita kabla ya siku ile wala baada yake. Nilimwambia dereva barabara kuu ina msongamano, nikamwambia Hajdu wageni wanapenda kuona maisha ya wafanyakazi. Nilikuwa na kipaza sauti mkononi, na kila neno lilikuwa lako. Sikuwa na njia nyingine ya kukuambia kwamba unakumbukwa. Niliposema "majirani wanamkumbuka," sikuwa nasema majirani. Nikakutazama kwenye kioo cha dereva, nikaona umeinamisha kichwa. Nikafikiri umeelewa, unalia. Usiku kucha niliketi bila kuufunga mlango kwa ufunguo. Hukuja. Nikasema basi, amekuja kuuona mji, si mimi, ana mke na watoto huko, na ni haki yake.

Na ile barua ya mwaka hamsini na tisa. Watu wa usalama waliniita, wakanisomea barua zako, Kálmán, na zile nilizokuandikia, mpaka cheri. Walicheka. Pasipoti walikuwa wameninyima tangu mwanzo, mara tatu, mimi nikikuandikia subiri. Wakasema nikiendelea, mama atapoteza chumba na mimi kazi. Wakanipa karatasi, nikaandika walichotaka, mmoja akinisahihisha. Nilijiambia utajua si mimi, maana lini nimewahi kukuita Bwana Vadas? Kumbe uliamini. Nilikukasirikia kwa kuamini, kwa miaka, huku namshukuru Mungu kwamba uliamini, kwa sababu kama ungekuja na hasira mpakani wangekufunga.

Mama alifariki mwaka wa sitini na mbili. Alipenda kukusema mpaka mwisho. Alisema, "Yule mwizi akirudi mpe chakula kwanza, maneno baadaye." Sikukupa hata kimoja.

Siombi kitu. Una meli yako. Nimetaka tu usivuke bahari ukiwa na mume wangu asiyekuwepo. Nina miaka thelathini na sita, magoti yameanza kulalamika kwenye ngazi, na kila nikiwahesabu watu garini bado nalazimika kuhesabu upya.

Etus


Vienna, 11 Juni 1967

Etus,

Bi Leopoldine amekunywa kahawa mbili na keki, akakaa pembeni akijifanya anasoma gazeti huku mimi nasoma. Nilipomaliza akanipa leso bila kuinua macho.

Sina mke. Kulikuwa na mwanamke mmoja, mwema sana, alisubiri miaka minne niache kuwa mahali pengine, akachoka. Simlaumu.

Tiketi ya Genoa nimeirudisha. Kuna hoteli hapa karibu na gati la boti za Budapest, wanahitaji mpishi. Waaustria hawa wanajua chumvi ni nini, tutaelewana. Mkahawa wetu wa Melbourne namwachia mjane wa yule wa Szeged.

Nimeuliza kwenye ubalozi. Mtu mwenye pasipoti ya kigeni anaweza kuomba kumuoa Mhungari, na akipewa kibali anaweza kuondoka naye. Inachukua muda, wanaweza kukataa, na ukishaomba kila mtu ofisini kwako atajua. Kazi unaweza kuipoteza siku hiyo hiyo. Fikiri vizuri. Kama hutaki, nitakuja kila kiangazi na kundi, nitakaa nyuma, nitakusikiliza ukieleza habari za paka. Hata hayo kwangu ni mengi.

Kama unataka, nitapanda boti ya Jumamosi ya kwanza ya Julai. Mezani kwa Mzee Rezső nitasimama nikuulize kwa Kihungari, kwa sauti, mbele ya Hajdu na mwavuli wake. Aandike. Tena namwomba aandike vizuri, asikosee jina.

Kálmán


Budapest, 28 Aprili 1969

Kálmán,

Wamekubali.

Leo asubuhi nilipewa karatasi ya kibali na mwanamke aliyekuwa akila mkate, akanisukumia kwenye kaunta kama tiketi ya tramu. Nilisimama pale mpaka akaniuliza nangoja nini. Miaka miwili, Kálmán. Tangu jioni ile uliposimama mezani na mpiga fidla akasahau wimbo wake, nimeosha sahani kwa Mzee Rezső kwa sababu ofisi hawakutaka hata kuniona mlangoni. Nimekataliwa, nimeambiwa nirudi, nimerudi. Nilidhani siku ya kukubaliwa nitakimbia barabarani nikipiga kelele.

Sikukimbia. Nilipanda kilimani.

Palikuwa na kundi la Wajerumani na mwongozaji wao, binti mdogo, kazi bado ni ngeni kwake. Alikuwa amesahau jina la daraja moja. Nikamnong'oneza. Akaniangalia, akasema, "Wewe ni Bi Etelka? Wanasema ulikuwa unaongoza vizuri kuliko wote." Akanipa kipaza sauti, nafikiri kwa heshima tu. Nikakipokea. Nikawaonyesha visiwa, na Bunge, na mahali jua linapozama. Nikafika kwenye maneno ambayo nimeyasema maelfu ya mara, "na ule ng'ambo ndio mji tunamoishi," nikashusha kipaza sauti. Mzee mmoja akaniuliza, "Mama, unaumwa?" Nikamwambia, "Hapana, naondoka."

Nimewafundisha watu kuutazama mji huu miaka yote, na leo ndiyo mara ya kwanza nimeutazama kama mtu atakayeukosa. Wanasema nikitoka kwa kibali hiki, kurudi hata kwa matembezi si jambo la hakika. Nimelia mbele ya Wajerumani. Wamenipa pipi.

Usiogope. Nakuja. Sikuandikii haya ili uniambie nibaki, nakuandikia kwa sababu wewe ndiye mtu pekee nimjuaye ambaye sina haja ya kumweleza.

Boti inaondoka Jumanne ya wiki ijayo asubuhi. Nina sanduku moja na koti la mama. Nitasimama nje mpaka jengo la Bunge lifichwe na kona ya mto, hata kama mvua inanyesha, kisha nitaingia ndani nikae. Nikishuka Vienna nimevimba macho, usiniulize kama najuta. Sitajuta. Chukua sanduku, unishike mkono, twende tukale kitu, na siku hiyo usiniambie habari yoyote ya Budapest.

Etus